Ufagio Unasubiri Ndege

Simon aliondoka nyumbani kwao Nyanungu siku ya Alhamisi, alfajiri, na tangu saa ile ufagio haukugusa ua wa mama yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba. Mtu akisafiri, nyayo zake huachwa zilivyo mpaka sauti yake isikike kutoka huko alikokwenda. Wegesa, mama yake Simon, aliipokea desturi hiyo kwa bibi yake na hakuwahi kuivunja. Enzi za basi la Musoma haikumsumbua mtu. Msafiri alitoka asubuhi, mchana alikuwa amefika, na jioni ua ulikuwa umekwisha kufagiwa. Lakini safari hii Simon alikuwa anakwenda Seattle, Marekani, kusomea magonjwa ya mifugo. Mwezi ulikuwa wa nane, kiangazi kimekaza. Upepo ulishusha majani usiku na mchana, kuku walichakura, na mbuzi waliacha walichoacha.

Boke, dada yake Simon, aliutazama ua huo kwa hofu. Jumamosi ya wiki hiyohiyo ujumbe wa posa ulikuwa unakuja kutoka Kisaka, wilaya ya Serengeti. Mchumba wake, Elia, alikuwa bwana mifugo wa kata, mtu mpole asiye na haraka. Ujumbe wake ulikuwa umeahirishwa mara mbili, kwanza kwa msiba, kisha kwa mvua iliyokata barabara. Uliahirishwa mpaka watu wakaanza kumuuliza Boke kama huyo bwana yupo kweli. Na katika ujumbe huo angekuwamo Mokami, shangazi yake Elia. Katika ukoo ule hakuna aliyeoa bila neno la Mokami. Ilisemwa kwamba alikwisha kugeukia mlangoni katika nyumba mbili, bila kuketi wala kueleza, na wapwa zake wawili wakaoa kwingine.

Boke alikuwa mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari. Alipenda mambo yapangwe. Kwa hiyo, kabla ya kuikubali siku hiyo, aliichukua tiketi ya kaka yake na kuisoma kwa makini. Simon angeruka kutoka Dar es Salaam Ijumaa jioni na kufika Doha usiku. Angeondoka Doha saa tisa za usiku, na kutua Seattle saa mbili asubuhi, Jumamosi. Boke alitoa saa moja kwa nyingine na kupata safari ya saa tano. Aliona ni mwendo wa ajabu. Kutoka Dar mpaka Doha ndege ilitumia saa sita, na Doha mpaka Marekani itumie tano. Aliistaajabia ndege badala ya kuihoji tiketi.

"Saa mbili asubuhi atakuwa ametua," alimwambia mama yake. "Saa tatu tutafagia. Wageni watafika saa tano. Tutakuwa na muda hata wa kunyunyiza maji."

"Ukisema hivyo, mwalimu, sawa," Wegesa alijibu. Alimwamini binti yake katika mambo yote yaliyoandikwa.

*

Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu haikulia. Saa mbili na nusu haikulia. Boke alipanda kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi, mahali pekee pa kupatia mtandao. Hata hapo, mpaka ukiwa jirani, simu ilisitasita kati ya Tanzania na Kenya kabla ya kuamua iko nchi gani. Alifungua ramani inayoonyesha ndege zilizo angani. Akaandika namba ya safari ya kaka yake.

Ndege ilikuwa bado juu, tena mbali. Chini ya kijipicha chake yaliandikwa maneno matatu: saa tisa zimebaki.

Alielewa papo hapo, na aliona haya kana kwamba darasa zima limesimama nyuma yake. Saa mbili ya kwenye tiketi ilikuwa saa mbili ya Seattle. Seattle inapopata asubuhi, Nyanungu inakaribia kupata jioni. Simon angetua saa kumi na mbili, jua likienda kuzama.

Alimpigia Elia.

"Wameondoka alfajiri," Elia alisema. "Saa hizi watakuwa wameshapita Mugumu. Kuna nini?"

"Wanaweza kurudi?"

"Boke, ujumbe wa posa ukirudi njiani hautoki tena. Wewe unajua. Kuna nini?"

Boke alimweleza. Elia alicheka kwanza, akaacha alipoona anacheka peke yake. "Basi mweleze shangazi kama ulivyonieleza mimi," alisema. Mtandao ukahamia Kenya, simu ikakatika.

Boke alishuka kichuguu na kuuchukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ametua?"

"Bado, mama. Nilikosea hesabu. Atatua jioni."

"Basi rudisha ufagio."

"Mama, shangazi yake Elia anaingia hapa baada ya muda mfupi. Ataona nini? Ataona mavi ya mbuzi."

"Ataona mavi ya mbuzi."

"Ndege iko juu zaidi ya mawingu. Haijui kama huku kuna mtu anafagia."

"Ndege haijui," Wegesa alisema. "Mimi najua."

Hakupandisha sauti. Mikono yake iliendelea kutenga mawe na mchele. Boke alimtazama, na hasira aliyokuwa ameiandaa ikamponyoka. Mwanamke huyu hakuwahi kupanda ndege, wala kufika Dar es Salaam. Lakini kwa siku tatu alikuwa amemshika mwanawe angani kwa njia pekee aliyoijua, na asingemwachia kwa sababu ya wageni. Boke aliurudisha ufagio ukutani. Alijua kwamba huenda alikuwa anairudisha na ndoa yake.

*

Gari la Noah lilifika saa tano kamili. Wa kwanza kushuka alikuwa Sadick, fundi cherehani wa Mugumu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia safi, na hata siku ya posa futi yake ya kupimia nguo ilikuwa imening'inia shingoni. Alisema akiivua, shati humkaa vibaya. Baada yake alishuka Mzee Nyangwine, baba mkubwa wa Elia, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyestaafu. Alishuka polepole, mguu mmoja kisha mwingine.

"Barabara hii," alisema, "imenikumbusha mifupa ambayo sikujua kama ninayo."

Wa mwisho alishuka Mokami. Alikuwa mwembamba, mrefu, amejitanda kitenge cha kijani. Wegesa na Boke waliwapokea langoni. Boke alipiga goti, akatoa shikamoo, akaitikiwa. Kisha Mokami akautazama ua.

Aliutazama kwa muda mrefu. Majani yalikuwa yamejaa mpaka kwenye kizingiti. Kuku mmoja alipita katikati akiwa na ganda la hindi mdomoni, kama aliyetumwa kuonyesha hali ilivyo. Sadick alikohoa.

Boke aliona kwamba akingoja kuulizwa atakuwa amechelewa.

"Shangazi," alisema, "kaka yangu yuko safarini. Kwetu hatufagii mpaka msafiri afike. Niliwapangia ninyi saa tano kwa sababu nilidhani atakuwa ametua saa mbili. Niliisoma tiketi vibaya. Kosa ni langu, mama hana kosa. Atatua saa kumi na mbili jioni."

Mokami alimgeukia Wegesa. "Mama Simon, nyayo zake ni zipi?"

Wegesa alinyoosha kidole. Kutoka kwenye mlango wa nyumba ndogo, kupitia kando ya zizi mpaka langoni walipokuwa wamesimama, palikuwa na alama za viatu vipya vyenye meno. Kuku walikuwa wamezivuka, majani yamezifunika nusu, lakini zilionekana. Ya mwisho ilikuwa karibu na ndala za Mokami.

Mokami alirudi nyuma hatua moja.

"Ninyi ni watu wa nyumbani, miguu yenu anaijua," alisema. "Wangu ni mguu mgeni. Sitaingia nikamkanyaga mtoto aliye njiani."

"Basi tuzungumzie hapa nje," Sadick alisema haraka. "Neno la posa halina ukuta. Mzee Nyangwine ameliandaa tangu juzi."

"Hatuzungumzi posa na nyumba ambayo mtu wake yuko hewani," Mokami alisema. "Wakijibu, watajibu kwa nusu ya roho."

Mzee Nyangwine alitazama jua, kisha barabara. Hesabu yake ilisomeka usoni. Walipanga kuondoka saa tisa, ili giza lisiwakute upande wa Mugumu, ambako tembo huvuka barabara bila kutoa taarifa. Kuondoka bila kuzungumza kungekuwa ni kugeuka, na posa iliyokwama mara mbili isingestahimili ya tatu.

"Binti," alimwambia Boke, "kwanza ulidhani saa mbili. Sasa unasema saa kumi na mbili. Nikikaa hapa mpaka saa kumi na mbili, utaniambia nini? Saa mbili ya usiku?"

Lilikuwa swali la haki. Boke alijua kwamba kiapo hakingemsaidia. Mzee huyu alikuwa ameuza ng'ombe maisha yake yote na alikwisha kusikia viapo vingi.

"Nipe muda kidogo, mzee wangu," alisema. "Nitakuonyesha njia yenyewe. Ukiona haiingii akilini, uondoke."

*

Viti vilitolewa vikapangwa nje ya lango, kwenye kivuli cha Noah. Boke aliingia ndani akatoka na kibuyu kikubwa cha marehemu baba yake, kile cha pombe ya shughuli, chenye tumbo la karibu mita moja kulizunguka. Alikuwa pia na kipande cha mkaa na kipande cha uzi. Alimwomba Sadick futi yake.

"Chukua," Sadick alisema. "Mimi nitakaa uchi wa shingo."

Boke alikisimamisha kibuyu, kikonyo kikiwa juu. Alikifunga uzi tumboni, katikati. "Hii ni ikweta," alisema. "Sisi tuko hapa, chini yake kidogo. Hiki kikonyo cha juu ndicho ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye barafu."

Aliweka alama ya Dar es Salaam kwa mkaa. Alipanda juu kidogo, akaweka ya Doha. Kisha akakizungusha kibuyu mpaka alama hizo zikajificha upande wa pili, akaweka alama ya Seattle, juu zaidi, karibu nusu ya njia kati ya uzi na kikonyo. Somo la Jiografia aliliacha kidato cha nne, na alishangaa kuona mkono wake bado unalikumbuka.

"Kwa nini amekwenda kwa Waarabu kwanza?" Wegesa aliuliza. Alikuwa amesimama langoni, upande wa ndani. Swali hilo alikuwa amekaa nalo tangu Alhamisi. "Marekani iko huku." Alionyesha magharibi, upande wa ziwa. "Yeye amepelekwa kule. Niliona kama wamempoteza."

"Na mimi niliona hivyo, mama. Tazama."

Boke alishika ncha ya futi kwenye alama ya Dar na kuinyoosha moja kwa moja mpaka Seattle, akiibana kwenye ngozi ya kibuyu. Futi ilikataa kwenda magharibi. Kila alipoivuta upande huo, ililegea na kuhitaji urefu zaidi. Ilipotulia, ilikuwa imepanda kaskazini na kupita jirani ya kikonyo.

"Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Kilomita elfu kumi na tano na zaidi kidogo. Sasa nipitishe Doha." Aliipinda futi kwenye alama ya Doha, akasoma. "Imeongezeka kwa upana wa kidole."

Mzee Nyangwine aliinuka kwenye kiti, akainama na kupima mwenyewe. Alipima mara mbili. "Kidole kimoja," alisema. "Mama Simon, hawakumpoteza."

Mabega ya Wegesa yalishuka.

"Doha na Seattle zinatazamana," Boke aliendelea. "Moja iko upande huu wa dunia, nyingine upande ule. Kama ningetaka kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma yake na ningeweza kuruka, ningepita juu ya paa. Ndivyo ndege inavyofanya. Inapita kichwani kwa dunia."

Alinyoosha futi kutoka Doha, kupitia kikonyo, mpaka Seattle. Sentimita thelathini. "Safari yake ni ya saa kumi na tano. Kwa hiyo kila saa moja ni sentimita mbili za hapa. Sentimita mbili hizi ni karibu kilomita mia nane."

"Mia nane kwa saa moja," Mzee Nyangwine alirudia. Aliketi. "Nilipokuwa kijana, niliswaga ng'ombe kutoka Ringwani hadi mnadani. Siku nzima tulikwenda kilomita ishirini, na jioni tulijisifu. Mimi na kijana huyu tunatumia dunia moja kweli?"

"Wewe ulikuwa na ng'ombe wa kungoja," Sadick alisema.

"Wewe nyamaza, mura, kijana wangu. Wewe unashona umekaa."

Boke alihesabu kwa futi tangu saa tisa za usiku na kuweka alama ndogo ya mkaa. "Saa sita mchana atakuwa hapa, kwenye kikonyo. Saa tisa atakuwa hapa, juu ya Kanada, upande wa kaskazini ambako hakuna watu. Saa tisa nitapanda kichuguu na kutazama simu. Ndege isipokuwa kwenye alama hii, ondokeni, mtakuwa hamjachelewa barabara. Ikiwa hapo, ningewaomba mngoje saa tatu zilizobaki."

Mzee Nyangwine alimtazama Mokami. Mokami alitazama kibuyu.

"Tutangoja mpaka saa tisa," alisema.

*

Chakula kilitolewa nje, wali, ugali wa mtama na nyama ya mbuzi, na wageni walikula mikono ikigongana. Saa sita ilipofika, Mokami mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa yuko kwenye kikonyo." Alisema akiwa na tonge mkononi, na watu wote wakatazama juu, ingawa juu ya Nyanungu palikuwa na mwewe tu.

"Huko kuna baridi," Wegesa alisema kutoka langoni.

"Nje ya ndege ipo, mama. Ndani amejifunika blanketi."

"Ni usiku au mchana?"

Boke alifikiri kabla ya kujibu. Asubuhi ile ilikuwa imemfunza kufikiri kabla ya kujibu. "Mwezi huu, huko juu kabisa jua halizami. Linazunguka pembeni tu, kama mtu anayekagua ua. Amevuka mahali ambapo hakuna jioni."

Mokami aliweka tonge chini. Alionekana kulitafakari jambo hilo kwa heshima, kama mtu anayeambiwa habari za ukoo mkubwa asioufahamu. "Na rubani anajuaje njia," aliuliza, "kama jua halimwambii upande?"

"Ana vyombo. Lakini hata vyombo vilitengenezwa na watu waliokaa wakafikiri."

"Walikaa sana," Mokami alisema.

Sadick alikwenda kuswali adhuhuri nyuma ya gari. Alirudi na swali lililomtesa njia nzima ya hatua kumi. "Mahali pasipo na jioni, magharibi unaiswali saa ngapi?" Aliahidi kumuuliza shehe wa Mugumu, na kumwambia kwamba swali limetoka kwa Wakurya.

Mchana ulikuwa mrefu. Dereva alilala chini ya gari. Mzee Nyangwine alikizungusha kibuyu magotini, akiuliza miji. Musoma iko wapi? Nairobi je? Alipooneshwa kwamba Nyanungu na Kisaka zote mbili zinafunikwa na alama moja ya mkaa, alicheka mpaka akashika kiuno. "Saa tano nzima ndani ya Noah," alisema, "na hatujatoka kwenye doa."

Boke alikuja kukusanya vyombo, akajikuta peke yake na Mokami. Aliona ni afadhali aulize sasa, kwa kuwa baadaye huenda asingepata nafasi.

"Shangazi, ni kweli uligeukia mlangoni kwenye nyumba mbili?"

Mokami alimtazama kama aliyekuwa akilingoja swali. "Moja. Ya pili watu wameongeza wenyewe."

"Ilikuwa chafu?"

"Iling'aa. Walikuwa na bibi yao mgonjwa. Wakamhamishia kwenye banda la kuku ili tusimwone. Nilimsikia akikohoa." Alitikisa vumbi kwenye kitenge chake. "Nyumba inayomficha mtu wake kwa ajili ya mgeni, siku moja itamficha na mtoto wetu."

Boke alibeba vyombo ndani. Alipofika jikoni aliviweka chini na kusimama kidogo, akimtazama mama yake kupitia dirishani. Wegesa alikuwa bado langoni. Alikuwa amekataa kiti tangu wageni wafike.

*

Saa tisa, Boke alipanda kichuguu. Mzee Nyangwine alimfuata na kibuyu, akizunguka nje ya ua, akakataa kusaidiwa. Mokami alisimama chini, nje ya ua.

Mtandao haukuwapo. Boke aliinua simu, akaishusha, akaigeuza. Ilitafuta Tanzania, ikatafuta Kenya, ikakaa kimya. Dakika zilipita. Mzee Nyangwine alitazama barabara, na Boke aliona kwamba anaitazama kama mtu mwaminifu anayetaka kutimiza alichokubali. Saa tisa ilikuwa saa tisa.

"Mzee wangu, mtandao umeshindwa. Mimi sijashindwa."

"Nimekuelewa, binti. Lakini tulipatana tutaona."

Kisha simu ikatetemeka mkononi mwake. Kenya ilikuwa imewahurumia. Ramani ilifunguka vipande vipande, nyeupe kwanza, kisha bluu, na mwishoni ndege ndogo ya manjano ikatokea juu ya visiwa vilivyovunjikavunjika kaskazini mwa Kanada. Boke aliweka simu kando ya kibuyu.

Haikuwa juu ya mstari wake. Ilikuwa pembeni, karibu nusu kidole upande wa kulia.

"Imekwenda upande," Boke alisema. Hakutaka kulificha hilo. "Marubani hukwepa pepo. Lakini umbali aliokwenda ndio huu, na uliobaki ni huu."

Mzee Nyangwine alikitazama kibuyu, akaitazama simu, akakitazama tena kibuyu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetajiwa uzito wa fahali uliokisiwa kwa macho, kisha mizani ikakubali.

"Wewe ulikuwa hapa chini unaosha sahani," alisema taratibu, "na ulijua alipo."

"Ni hesabu tu, mzee wangu."

"Hesabu. Asubuhi ilikupiga, mchana umeipiga." Aligeuka, akapaza sauti kuelekea chini. "Mokami! Yuko alipoambiwa awe. Mwamsheni dereva aondoe gari juani, hatuendi popote leo."

Boke alishuka nyuma yake akiwa amemshikia kibuyu.

*

Saa kumi na mbili na dakika chache, Sadick akiwa amesimama kwenye kichuguu akiwa ameishika simu juu kama taa, iliita. Aliikimbiza chini kofia ikiwa mkononi. Wegesa aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama," sauti ya Simon ilisema, karibu sana, kana kwamba yuko nyuma ya zizi. "Nimeshuka. Niko kwenye foleni ya kugongewa muhuri kwenye paspoti."

"Umeshakanyaga chini?"

"Nimekanyaga."

"Chini kwenyewe, siyo ndani ya ndege?"

"Chini kwenyewe, mama. Saruji."

Wegesa alifumba macho. Alimrudishia Boke simu. Akatembea mpaka ukutani, akachukua ufagio, akaanza na alama iliyokuwa langoni. Alifagia kwa mivuto mirefu, bila haraka, na vumbi likainuka jekundu mbele ya jua. Boke aliuchukua ufagio wa pili akaanzia upande wa zizi. Walikutana katikati.

Mzee Nyangwine alikuwa ameiomba simu. Alimwuliza Simon, ambaye hakuwahi kuonana naye, huko ni saa ngapi.

"Saa mbili asubuhi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Asubuhi ya leo?"

"Ya leo. Jumamosi."

"Basi unayo siku nzima, nzima kabisa," Mzee Nyangwine alisema kwa wivu wa wazi. "Sisi hii hii tumekwisha kuila."

Ua ulipokuwa safi, Wegesa alirudi langoni akipangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa ametoka jasho na alionekana mdogo kuliko asubuhi. Aliwatazama wageni waliokaa nje ya nyumba yake tangu saa tano, kwenye kivuli cha gari, kwa ajili ya mtoto wasiyemjua.

Mokami alisimama. Alivua ndala zake, akaziacha nje, na kuingia pekupeku kwenye ua uliofagiwa. Alipofika mbele ya Wegesa aliushika mkono wake.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "nipe maji ya kunywa."

Sadick alimtazama Boke, akainamisha kichwa na kuirekebisha futi shingoni, kama fundi ambaye nguo yake imemkaa mteja. Boke alikwenda kuchota maji. Aliyaleta, na hakumwaga hata tone.

Baada ya hapo hotuba ya posa haikuhitajika tena. Lakini Mzee Nyangwine alikuwa ameiandaa tangu juzi, na alikuwa ameingoja siku nzima nje ya lango. Aliketi kwenye kiti cha heshima, akaweka kibuyu magotini, akasafisha koo, na kuitoa yote tangu mwanzo, akianza na ukubwa wa dunia.